Kabla hujakusanya mitandao yote kwenye programu moja

Wazo linavutia: programu moja, na ndani yake machapisho ya Mastodon na Bluesky (mitandao ya maandiko mafupi mithili ya Twitter, sasa X), YouTube, Reddit na magazeti yanashuka kwa mfuatano, jipya juu, la zamani chini, bila algoriti ya kukuchagulia na bila tangazo kila ukisogeza kidole. Naliunga mkono kwa dhati. Tatizo ni kwamba watu wetu wengi wako WhatsApp, Instagram, Facebook na TikTok, na hiyo ndiyo minne ambayo programu hizi hazikuletei. Ukipakua bila kulijua hilo, utaifuta jioni ileile ukidhani ni mbovu.

Si mbovu. Programu ya kukusanya huenda kwenye mtandao husika na kuomba machapisho mapya ya unaowafuata. Mtandao ukiruhusu, unasoma. Ukikataa, hakuna ufundi utakaosaidia. Na mitandao mikubwa imezidi kukataa. FriendFeed, iliyoanza 2007, ilikusanya mitandao kwa makumi; Facebook ikainunua 2009 na kuizima Aprili 2015. Januari 2023 Twitter ilizikatia huduma programu za nje bila kuaga, zikiwemo Tweetbot na Twitterrific, na Agosti mwaka huohuo TweetDeck iliyokuwa bure ikawa ya wanaolipa. Katikati hapo Reddit ilitangaza bei mpya ya API, yaani mlango ambao programu za nje huchukulia machapisho, na Apollo, programu ya nje ya kusomea Reddit, ikafungwa tarehe 30 Juni. Sababu kubwa inaeleweka: anayesoma kupitia programu ya nje haoni matangazo, na matangazo ndiyo riziki yao.

Ndiyo maana programu mpya zimejengwa juu ya mitandao iliyo wazi. Tapestry, iliyotolewa 2025 na Iconfactory, watu walewale wa Twitterrific, ilitoka kwa iPhone na iPad. Inachukua Mastodon, Bluesky, YouTube na milisho ya RSS, yaani orodha za machapisho mapya ambazo tovuti huzitoa. Ni ya kusoma tu, ukitaka kujibu inakupeleka kwenye mtandao wenyewe. Openvibe ilitengenezewa Android pia, na inakuwezesha kuchapisha Mastodon na Bluesky kwa mkupuo mmoja. Angalia urefu wa andiko: Mastodon kwa kawaida inakubali herufi 500, Bluesky 300.

Hapa naomba tuelewane vizuri. Dukani mwa programu utakuta pia zile zinazojinadi kuwa na mitandao yote, Facebook na Instagram zikiwemo. Gusa alama ya Facebook humo utazame kinachotokea: unafunguka ukurasa wa wavuti wa Facebook ndani ya programu, unaombwa namba ya simu na nenosiri. Hakuna kilichounganishwa. Ni kivinjari kilichobadilishwa jina na kuzungushiwa matangazo, na aliyekitengeneza ana uwezo wa kusoma unachoandika kwenye ukurasa huo. Usiandike nenosiri lako humo hata kidogo. Utaratibu salama uko hivi: Mastodon hukufungulia ukurasa wa seva yako, yaani tovuti ulikofungulia akaunti, unaidhinisha hapo, na programu inapewa ufunguo bila kuliona nenosiri. Bluesky nayo, programu ikikuomba nenosiri, usiipe lile kuu. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya faragha na usalama, uunde nenosiri la programu. Litakuja na herufi 16 katika mafungu ya nne nne. Ukiichoka programu hiyo unalifuta nenosiri hilo peke yake, akaunti haiguswi.

Kwa mwenye Android ya kawaida, ushauri wangu ni kuanza na kisomaji cha RSS. Feeder inatosha: ya bure, haidai akaunti. RSS ni faili la maandishi ambalo tovuti hulisasisha kila inapochapisha kitu. BBC Swahili wanalo kwenye feeds.bbci.co.uk/swahili/rss.xml. Blogu ya WordPress, ongeza /feed mwishoni mwa anwani. Ya Blogspot, ongeza /feeds/posts/default. Ukurasa wa mtu wa Mastodon au jukwaa la Reddit, ongeza .rss.

YouTube ndiyo inayowasumbua watu. Anwani yenye alama ya @ na jina la chaneli si mlisho. Baadhi ya programu huutafuta mlisho zenyewe ukibandika anwani hiyo. Ikishindikana, fungua maelezo ya chaneli, gusa sehemu ya kushiriki, nakili kitambulisho chake. Kinaanza na UC na kina herufi 24. Andika youtube.com/feeds/videos.xml?channel_id= kisha ubandike kitambulisho papo hapo baada ya alama ya usawa, bila kuacha nafasi. Usikiandike kwa kukariri, maana herufi kubwa na ndogo zinahesabiwa tofauti. Na mlisho huo hubeba video 15 za karibuni tu. Chaneli ya habari ikipandisha video 20 kwa siku na programu yako inasasisha mara moja kwa siku, tano zitakupita.

Linaloniuma zaidi ni taarifa za umma. Ratiba ya kukatika umeme au maji inatolewa kama picha kwenye Instagram, na basi. Picha hiyo haitafutiki, asiyeona ni vigumu kusomewa na simu yake, na hakuna kisomaji kinachoweza kuifuata. Taarifa hiyohiyo ikiwekwa kama maandishi kwenye tovuti ya shirika, mlisho wa RSS ungemfikia hata mwenye simu dhaifu na bando la mwisho wa mwezi.

Ukishaweka vyanzo vyako, siku ya pili au ya tatu kelele zitaanza. Gazeti la habari 80 kwa siku litammeza rafiki anayeandika mara moja kwa wiki, maana mfuatano wa wakati hauna upendeleo. Tenga makundi: habari, video, watu. Fungua la watu kwanza. Mtu anayeweka andiko lilelile Mastodon na Bluesky utamwona mara mbili. Mfuate sehemu moja tu, ile anayojibu wasomaji wake.

Bando nalo lipigie hesabu. Milisho 40 ya kilobaiti 50 kila mmoja ni MB 2 kwa usasishaji mmoja. Ukisasisha kila saa, hiyo ni MB 48 kwa siku kabla hujafungua picha hata moja. Kila saa sita, ni MB 8. Pengine itapungua, kwa kuwa seva nyingi hazitumi tena faili lisilobadilika, lakini panga kwa hesabu hiyo ya juu. Bora zaidi, ruhusu usasishaji kwenye Wi-Fi pekee. Ukiona programu haisasishi yenyewe kabisa, mara nyingi ni simu inayoibana kuokoa betri: itoe kwenye orodha ya programu zinazobanwa.

Na kwa kuwa Feeder haina akaunti, simu ikiibiwa orodha imekwenda. Hamisha orodha yako kama faili la OPML kila unapoongeza vyanzo kadhaa, ujitumie kwa barua pepe. Visomaji vingi vya RSS hulifungua faili hilo.