Jicho la Dishi Kando ya Sambusa

Kabla sijaanza: ile ya Mbaruk mliyoisikia, kwamba dishi lilianguka likampata Ami Athumani kichwani, ni uongo. Dishi halikuanguka. Laiti lingeanguka ningekuwa na la kujitetea. Ami hakuguswa na kitu, alichopata ni maumivu ya mbavu kwa kucheka. Naeleza mwenyewe kwa sababu Mbaruk akiachiwa, kufika Ijumaa nitakuwa nimeunguza nyumba.

Mnaonijua mwalijua lile dishi la paani kwetu Kisauni, Mombasa. La wavu, futi sita, la marehemu baba. Tangu king'amuzi chake kife limekaa tu linatazama baharini, na kunguru wamelifanya baraza. Mimi kila nikipanda kuangalia maji ya tangi roho yaniuma. Huko linakotazama, nyuzi 68.5 mashariki, kuna setilaiti ya Intelsat 20, imerushwa mwaka 2012, ina machaneli ya kila aina, na mengine hayajafungwa wala hayataki kadi ya kulipia. Ya bure! Yanatunyeshea usiku na mchana na sisi tumejifunika. Kompyuta ninayo. Dishi ninalo. Kilichokosekana ni kadi ya kuunganisha hivyo viwili.

Nikasoma. Jamani, nilisoma mpaka mama watoto akauliza kama narudi chuo. Nikajua kwamba kadi za kizamani za DVB-S, yaani mfumo wa televisheni za setilaiti, haziwezi matangazo mengi ya siku hizi, kwa sababu warushaji wengi wamehamia DVB-S2, mfumo wa mwaka 2005, unaobeba kiasi cha asilimia 30 zaidi katika masafa yale yale. Ukiwa na kadi ya zamani utaona kipimo cha mawimbi kimepanda vizuri, na chaneli haifunguki ng'o. Kwa hiyo sharti la kwanza: iwe na mbili mwishoni. Nililala na mbili, nikaamka na mbili.

Sharti la pili ni nafasi. Kompyuta yangu ni ya mtumba kutoka Uingereza, ile nyembamba ya ofisini, ambayo ndani haina nafasi ya PCI ya zamani, yaani tundu la kuchomekea kadi, ina PCI Express tu, tena yataka kadi fupi. Ukileta kadi ya kimo cha kawaida, kifuniko hakifungi. Nikafungua, nikapima kwa rula. Kwa rula! Mtu aliyepima kwa rula hastahili yaliyonikuta.

Basi nikateremka mjini, duka moja karibu na Mwembe Tayari, silitaji kwa sababu halina kosa. Kijana wa dukani akanikaribisha. Nikamwambia, "Nataka kadi ya kompyuta ya kushika televisheni za bure, ya PCI Express, fupi, DVB, na iwe na mbili."

"Mbili zipi, mzee?"

"DVB halafu mbili. Zisizo na mbili ni takataka, msiwauzie watu."

Na hapo nikampa mhadhara, kijana wa watu, wateja wengine wamesimama nyuma yangu. Alipochoka akaniwekea boksi mezani. Limeandikwa DVB-T2. Nikaiona DVB. Nikaiona mbili. Namba niliisoma, herufi sikuisoma.

Tena yule kijana alijaribu kuniokoa, Mungu amlipe. Aliniuliza, "Mzee, antena unayo?" Nikacheka kwa dharau ambayo nikiikumbuka sasa natamani kujifunika shuka. "Antena? Mimi nina dishi la futi sita." Akanitazama kidogo, akafunga boksi.

(Wanaonicheka kwenye inboksi: ngojeni. Hatujafika.)

Dalili zilikuwepo. Waya wa dishi una kichwa cha kuzungusha, chenye nyuzi kama parafujo. Tundu la kadi yangu halikuwa na nyuzi, lilitaka kichwa cha kuchomeka, kama cha antena ya televisheni. Mtu mwenye akili angesimama hapo akajiuliza. Mimi nikatafuta adapta. Bati la nyuma la kadi nalo lilikuwa refu, wakati lile fupi lipo ndani ya boksi bado limefungwa. Sikuliona, nikalikunja refu kwa koleo. Halafu ile programu iliyokuja na kadi haikuniuliza lolote kuhusu LNB, lile jicho la mbele ya dishi. Kadi ya setilaiti lazima ijue una jicho gani, maana la dishi kubwa lina namba yake, 5150, na kadi ndiyo inayolipelekea umeme kupitia waya, volti 13 au 18 kulingana na mawimbi ya chaneli yamesimama wima au yamelala. Haya yote niliyajua! Programu iliniuliza nchi tu. Nikachagua Kenya, nikasema, maendeleo haya, siku hizi yajitambua yenyewe.

Mpwa wangu Suleiman akapanda paani. Mimi chini na skrini, dirisha wazi.

"Nizungushe, mjomba?"

"Kidogo! Mashariki!"

"Sasa?"

"Bado! Umefanya nini hapo?"

"Sijafanya kitu, nimeushika waya tu."

"Usiuachie!"

Akiushika waya, kipimo chapanda. Akiuachia, chashuka. Mimi kwa elimu yangu nikaamua kwamba waya una uzito, unalivuta dishi, na dishi kubwa ukikosea nyuzi chache tu umeipoteza setilaiti. Nikamwambia aufunge kwenye nguzo ya chuma ya tangi. Akaufunga. Nikabonyeza kitufe cha kutafuta, na wallahi zikaanza kumiminika: KBC, Citizen, NTV, KTN, na nyinginezo. Nilipiga ukelele mpaka jirani akachungulia.

Sasa najua mtauliza. Ndiyo, niliona kwamba zote ni za hapa hapa nyumbani. Nilikuwa na jibu: stesheni zetu nazo hupandishwa setilaiti ili zifike mikoani. Za mbali zitaingia dishi likikazwa vizuri. Jibu lilikuwa zuri sana, nililiamini mwenyewe.

Na mtu akiamini hivyo, aita watu.

Jioni ile sebule ilijaa. Ami Athumani kwenye kiti kikubwa, Mbaruk karibu na mlango, Bi Zuhura na wenzake wawili wa chama cha mama. Mama alikaanga sambusa. Nimeunganisha kompyuta kwenye skrini kubwa, taarifa ya habari ya saa moja inaanza, picha safi, nami nimesimama kando na rula ile ile mkononi kwa kuonyeshea.

Nikawaeleza. Nikasema hii picha mnayoiona imetoka kilomita 35,786 juu ya ikweta. Imepanda, imeshuka, safari nzima ni robo sekunde hivi. Nikasema dishi ni la kukusanya tu, mwenye kazi ni jicho. Haya ndiyo maneno yangu hasa, na Mbaruk anayo kwenye simu: "Bila lile jicho, dishi ni sufuria."

Ami akainua kidole. "Mwanangu, mbona hio ya jirani yasema sawasawa na hii?"

Kweli, kupitia ukutani king'amuzi cha jirani kilikuwa kinatangaza habari ile ile, neno kwa neno, hakuna aliyemtangulia mwenzake. Ile robo sekunde yangu haikuwepo.

"Mitambo ya siku hizi ni ya kasi, ami," nikamjibu. Akatikisa kichwa. Sasa nafahamu hakuwa amekubali.

Nje mvua ikaanza, na radi moja ikapiga upande wa Nyali. Nikaitumia hiyo radi! Nikasema mvua kubwa huweza kupunguza mawimbi, kwa hiyo picha ikitetereka msishangae. Wote wakakaza macho kwenye skrini. Haikutetereka. Nikajisifu: "Dishi kubwa hilo."

Hapo ndipo mlango ukafunguliwa.

Suleiman akaingia, ameloa chapachapa, anatweta, kwapani amebana mfuko uliokuwa wa unga, umefungwa fundo. Akasalimia wakubwa kwa adabu, mmoja mmoja, shikamoo ya Ami, shikamoo ya Bi Zuhura. Akasogea mezani. Akatafuta nafasi. Akaisukuma sahani ya sambusa kidogo, akaiweka ile mizigo yake kati ya sahani na birika la chai. Akafungua fundo. Fundo lilikuwa limelowa, halikufunguka haraka, akatumia meno. Akatoa kitu cheupe, kizito, chenye mdomo mviringo. Akakifuta kwa shati lake. Akakisimamisha juu ya kitambaa cha meza.

Lilikuwa jicho la dishi.

"Mjomba, bibi alisema kuna radi, niliteremshe hili lisije likaungua."

Tone la maji likashuka ubavuni mwa jicho, likaingia kwenye kitambaa. Ndani ya skrini mtangazaji alikuwa akisoma habari za bei ya unga, hana habari na sisi. Picha, nawaapia, ilikuwa imezidi kung'aa kuliko mwanzo.

Ami akalitazama jicho. Akaitazama skrini. Akalirudia jicho. Mbaruk nilimsikia akivuta pumzi, na simu ikatoka mfukoni. Bi Zuhura, ambaye rimoti yenyewe huwashiwa na wajukuu, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa mdomo wa lile jicho, akauliza kwa upole kabisa:

"Mwanangu, hili si ndilo ulilosema likiondoka hakuna kitu?"

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kuzima kompyuta nikasema umeme umekatika. Kinywa changu kikatangulia:

"Hiyo ni iliyobaki kwenye waya."

Mbaruk: "Iliyobaki?"

"Waya ni mrefu. Bado una picha ndani."

Kimya. Ami Athumani akaegemea kiti, akapandisha mguu, akachukua sambusa. "Basi tungoje iishe."

Na wakangoja! Watu wazima, sebule nzima, chai mkononi, wakaingoja picha iishe kwenye waya. Habari za kaunti zikapita. Biashara ikapita. Michezo ikapita. Kila sehemu ikimalizika Ami ananigeukia, "Bado imo?" nami najibu, "Inakaribia." Utabiri wa hali ya hewa ukasema Pwani kuna mvua. Taarifa ikafungwa, tamthilia ikaanza, wale wenzake Bi Zuhura wakasogeza viti mbele kwa sababu ilikuwa sehemu muhimu. Haikuisha, jamaa zangu. Waya wangu ungali na picha mpaka leo.

Mbaruk ndiye aliyenyanyuka akalichukua boksi juu ya kabati. Akalisoma kwa sauti, herufi moja moja kama anasomesha madrasa. Kufika T akasita, akaligeuza boksi kila mtu alione: "Hapa wamechora mnara na nyumba yenye antena. Setilaiti siioni." Kadi ya matangazo ya minara ya ardhini. Ile ile kazi ya king'amuzi cha jirani, isipokuwa jirani hakumpandisha mtoto wa mtu paani. Dishi halikuwa limefanya lolote, jicho halikupata hata volti moja. Waya tupu uliofungwa kwenye nguzo ya tangi ndio uliokuwa antena, na ulipotolewa kwenye jicho ukafanya kazi vizuri zaidi.

Mengine mafupi. Ami alicheka mpaka akaondoka ameshikiliwa. Nilirudi dukani, kijana akaona bati lililokunjwa kwa koleo, akakataa kubadilisha, ana haki. Mama kaichukua kompyuta chumbani kwake, anatazama tamthilia, na kila mgeni akija anamwambia mwanawe kamwekea setilaiti. Mtaani jina langu sasa ni Mabaki.

Mnaouliza ninunue ipi basi: kwa dishi, S2. Tundu lake lina nyuzi za kuzungusha, na programu isipokuuliza una LNB gani, simama hapo hapo. Mwenye kompyuta nyembamba tafuta bati fupi kwanza kabla hujashika koleo, au nunua ile ya nje ya USB, ila nayo iwe na adapta yake ya umeme kwa ajili ya jicho.

Nimeshaagiza nyingine, msimwambie mama watoto. Ikifika, nitapiga picha ya boksi niiweke hapa kabla sijalifungua. Mnisomee herufi. Namba nitasoma mwenyewe.