Mimea tunayo, wagonjwa tunao, wakemia wa dawa wako wapi?

Mzazi yeyote wa Tanzania anaijua dawa ya mseto ya malaria. Vidonge vya njano, 24 kwa mtu mzima, siku 3. Wasichojua wengi ni kwamba safari ya vidonge hivyo ilipita katika mji huu ninaoishi, Basel, Uswisi. Viambato vyake viwili, artemetha na lumefantrini, vilitoka China. Kampuni ya hapa, Ciba-Geigy, ambayo mwaka 1996 iliungana na Sandoz ikawa Novartis, ilishirikiana na Wachina kuifikisha dawa hiyo duniani. Mimi ni mkemia wa dawa, nimezaliwa na kusomea Tanzania, na ninafanya kazi katika kampuni ndogo mjini hapa. Swali moja haliniachi: kwa nini nchi isiyo na malaria ndiyo inayotafuta dawa, na nchi yenye wagonjwa inasubiri kuletewa?

Ndugu zangu nyumbani wana jibu la haraka: wenzetu wana fedha. Ni kweli, wanazo, na mshahara ninaolipwa hapa nisingeupata nyumbani. Lakini fedha peke yake haielezi kila kitu. Kilichokosekana kwetu ni hatua moja ya kazi, na hatua hiyo ndiyo taaluma yangu, kwa hiyo niruhusuni niieleze.

Mwaka 1972 kundi la mtafiti Tu Youyou huko China lilitenga artemisinini kutoka kwenye mmea wa pakanga. Bibi huyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, na aliistahili. Ila artemisinini yenyewe ni kaidi, haiyeyuki vizuri kwenye maji wala kwenye mafuta, na dawa isiyoyeyuka ni shida kuifikisha kwenye damu. Hapo ndipo wakemia walipoingia. Waligusa sehemu moja tu ya molekuli. Walipoweka kipande kimoja wakapata artemetha, inayoyeyuka kwenye mafuta. Walipoweka kingine wakapata artesuneti, ambayo leo daktari wa zamu anamchoma mtoto aliyeletwa na malaria kali. Sehemu ambayo hawakuthubutu kuigusa ni daraja la atomu mbili za oksijeni, kwa sababu nguvu yote iko pale: daraja hilo likikutana na madini ya chuma ndani ya kimelea cha malaria, linavunjika na kukiharibu kimelea kutoka ndani. Kujua pa kugusa na pa kuacha, hiyo ndiyo kazi ya mkemia wa dawa. Unatengeneza molekuli, inapimwa, unasoma majibu, unatengeneza nyingine. Nyingi zinakufa. Kutoka mwanzo hadi duka la dawa ni miaka 10 na zaidi, na wapo wenzangu wanaokaribia kustaafu ambao hakuna hata molekuli yao moja iliyofika huko. Hapa wanaheshimiwa kama mafundi wakuu. Nyumbani mjomba ananiuliza kila likizo, "Dawa yako iko wapi?" Namjibu kwa utulivu, maana swali lake ni la haki.

Sasa tuangalie kwetu. Utafiti wa mimea dawa Afrika Mashariki haukuanza jana. Muhimbili ilianzisha kitengo cha tiba asili mwaka 1974. Mtandao wa NAPRECA wa watafiti wa kemia ya mimea katika kanda yetu ulianza mwaka 1984. Mwaka 1990 Profesa Mayunga Nkunya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walichapisha matokeo ya mimea ya Tanzania iliyopimwa dhidi ya kimelea cha malaria. Kazi nzuri, ya viwango vya dunia. Tunachimba mzizi, tunaukausha, tunakamua, tunatenga kiambato, tunachora umbo lake, tunachapisha. Halafu? Mara nyingi tunahamia mmea mwingine. Ile kazi ya kuchukua molekuli moja na kuibadilisha mara mia, mpaka iwe salama, iyeyuke, idumu mwilini na imezeke, karibu haina mwenyewe.

Hata pakanga yenyewe ililimwa kwetu. Wakulima wa Arusha walipanda, mavuno yakakamuliwa Athi River, Kenya, na kilichopatikana kikasafirishwa. Kemia ya baada ya hapo ilifanyika kwingine. Jambo hilo linaniuma.

Tofauti ya maabara naijua kwa mikono yangu. Hapa nikiagiza kemikali asubuhi, mara nyingi kesho iko mezani. Nyumbani, pale nilipojifunzia, agizo lilipita kwa watu wengi, likasubiri sahihi, likasubiri wakala, likasubiri bandarini, na mwanafunzi aliyeagiza angeweza kuhitimu kabla chupa haijafika. Mashine za kusoma umbo la molekuli zinataka heliamu na nitrojeni ya kimiminika kila wakati. Zikikosa, zinageuka samani. Umeme ukikatika usiku, mmenyuko wa kemikali uliouacha kwenye baridi kali unaharibika na wiki nzima imekwenda.

Lakini hasara kubwa kuliko hizo haionekani. Mwanafunzi anajifunza kuuliza maswali yanayotosha kilichopo stoo. Haulizi tena, "Molekuli gani ingemponya mgonjwa?" Anauliza, "Kwa kiyeyusho nilichonacho, naweza kufanya nini?" Akikaa miaka 5 hivyo, akili yake inazoea kuwa ndogo kuliko ilivyo. Na nasema kwa uhakika: sijaona Basel kipaji ambacho sikukiona kwetu.

Upande wa pili, kuna mambo ambayo wenzangu hapa hawayajui na hayasomeki vitabuni. Lumefantrini inahitaji mafuta ili iingie mwilini vizuri, ndiyo maana unaambiwa umeze mseto pamoja na chakula au maziwa. Mkemia wa hapa anaona hilo ni jambo dogo. Mimi namwona mama ambaye mtoto wake anatapika tangu jana, ndani kuna uji mtupu, na duka la dawa lina bati linalowaka jua la Nachingwea. Dawa ijayo lazima ibuniwe na mtu anayemwona mama huyo tangu molekuli ya kwanza. Na wa kupima tunao tayari. Taasisi ya Afya ya Ifakara, iliyoanzishwa na Mswisi Rudolf Geigy mwaka 1957 kama maabara ya Taasisi ya Tropiki ya hapa Basel, leo inaendeshwa na Watanzania na inafanya majaribio ya kitabibu yanayoaminika duniani kote.

Wakati hautungoji. Klorokwini tuliiacha mwaka 2001 baada ya vimelea kuizoea. Mwaka 2020 watafiti walitoa taarifa za vimelea nchini Rwanda vyenye badiliko linalopunguza kasi ya artemisinini, na badiliko hilo limeonekana pia Kagera. Uganda nako kuna mabadiliko ya aina hiyo. Hii ni mipaka yetu wenyewe.

Wanaosema tujenge kwanza viwanda vya vidonge siwapingi, ila waniambie poda inayoingia kwenye vidonge hivyo inatoka wapi. Kwa sehemu kubwa ni India na China. Viongozi wa Afrika walikwishaahidi kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Sehemu ndogo ya ahadi hiyo ingetosha kuanzisha kituo kimoja cha kemia ya dawa kwa Afrika Mashariki nzima, chenye stoo ya pamoja, mafundi wa mashine wanaolipwa vizuri, na forodha inayopitisha kemikali za utafiti kwa siku chache. Kimoja tu, badala ya kila chuo kuwa na mashine yake iliyofunikwa shuka.

Mfano upo. Profesa Kelly Chibale, Mzambia aliyesoma Cambridge, angeweza kubaki Ulaya au Marekani. Alikwenda Cape Town, na mwaka 2010 akaanzisha H3D, kituo cha kutafuta dawa mpya. Molekuli yao ya malaria, MMV390048, ilifika majaribio kwa binadamu mwaka 2014. Baadaye ilisimamishwa, na wapo waliosema fedha zimepotea. Wamekosea. Kundi la Waafrika lilipita njia yote hiyo na sasa linaijua.

Wadogo zangu mnaoniandikia kuuliza njia ya kuja Ulaya, ushauri wangu ni huu. Jifunzeni usanisi wa kemia ogania, yaani kutengeneza molekuli maabara, kwa kina, hata kama mapenzi yenu yako kwenye mimea, maana mtu wa kuibadilisha molekuli ndiye haba. Mkipata nafasi Cape Town, nendeni huko kabla ya kuja huku: umeme wao pia umewahi kukatika mara kwa mara, kemikali zao pia zinatoka ng'ambo, na molekuli zinatengenezwa.