Tuzo za habari za sayansi: hela imetoka wapi na imefika lini

Zikitangazwa tu tuzo za uandishi wa habari za sayansi wadau wanagawanyika, wapo wanaoshangilia na wapo wanaosema ah, hizo ni za kupambia CV na kupiga picha na mgeni rasmi. Mi naona kila upande una hoja yake, ila swali la hela wanalipitia juu juu.

Chukua za AAAS Kavli kule Marekani, zinazotolewa na chama cha wanasayansi AAAS, ni kati ya kongwe na zinaheshimika kweli. Zilianza 1945 kwa pesa za Westinghouse, kampuni ya mambo ya umeme, siku hizi mfadhili ni Kavli Foundation, mfuko wa kusaidia sayansi. Vipengele viko vinane, vyombo vikubwa peke yao, vidogo peke yao, kuna makala za jarida, video fupi, video ndefu, sauti, mpaka habari za sayansi za watoto, na kila kipengele tuzo ya dhahabu ni dola 5,000, ya fedha dola 3,500. Huo mgawanyo naupenda sana, manake redioni huna grafu wala picha ya kirusi, una sauti ya mtu basi, ukiweza kumfanya dereva wa daladala aelewe chanjo inavyoufundisha mwili kupambana huku abiria wanabishana juu ya chenji, umefanya kazi ngumu kuliko aliyepewa kurasa sita na mchoraji.

Sasa shida. Tangu 2015 waandishi wa dunia nzima wanaruhusiwa kushindana, lakini kama kazi sio ya Kiingereza lazima upeleke na tafsiri. Kipindi cha redio cha Kiswahili chenye utani, mafumbo na bibi anayemkatiza daktari, kikishageuzwa karatasi ya Kiingereza jaji anabaki na nini hapo? Af AAAS hao ni wanasayansi, ndo wenye jarida la Science, yani wanaoandikwa ndo wanaomzawadia anayewaandika. Wao wanajibu kwamba majaji ni waandishi wenyewe na mfadhili haingii kwenye uamuzi, na kwa kweli hilo ni jibu zuri.

Huku kwetu kesi ngumu zaidi ni ya OFAB, jukwaa la bayoteknolojia ya kilimo lililozaliwa Nairobi 2006 chini ya AATF, taasisi ya teknolojia ya kilimo Afrika. Wanatoa tuzo kwa waandishi wa nchi kadhaa za Afrika, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwemo. AATF hiyohiyo ndo inaratibu mradi wa mahindi ya TELA, na humo mna mbegu za GMO, yani zilizobadilishwa vinasaba. Kenya ilizuia GMO 2012, serikali ikaja kutangaza kuondoa zuio Oktoba 2022, miaka kumi ya ubishi, mahakama na siasa, sa niambie mwandishi anayeuliza mbegu itauzwa bei gani na nani ana hakimiliki anaiona hiyo tuzo kama yake? Hakuna haja ya mtu kumkataza, atajipima mwenyewe tangu anachagua stori.

Ila tusiwe wanafiki. Haohao OFAB wanawapeleka waandishi maabara na mashambani, wanawakutanisha na watafiti, wakati mhariri wako hajakupa hata nauli ya kufika kituo cha utafiti wa kilimo cha Makutupora, Dodoma. Bila hizo safari wengi tungeandika GMO kwa kunakili uvumi wa WhatsApp. Mafunzo yao nayachukua kwa mikono miwili, tuzo ndo ingenipa kigugumizi.

EJAT, tuzo ya umahiri wa uandishi ya Baraza la Habari Tanzania, iliyoanza 2009, kwa hilo iko salama kidogo kwa sababu mwandaaji hauzi mbegu wala dawa, na kazi za Kiswahili zinashindana kama zilivyo. Lakini nayo, kama tuzo zote, inakuja kazi ikishaisha. Korespondenti wa mkoani anayelipwa kwa stori moja moja hawezi kukaa wiki tatu akifuatilia maji yenye floraidi Arusha kwa matumaini ya ngao mwakani, atakula nini? Kwa hiyo mara nyingi anayeshinda ni yule ambaye chombo chake kilikuwa na gari na bajeti, hata kama kipaji kiko kwa mwingine.

Mi ningeanza na mawili tu, kila kipengele kitangazwe na jina la anayekilipia palepale juu, sio kwenye maandishi madogo, na sehemu ya pesa za zawadi itolewe mapema kwa mwenye wazo zuri asiye na nauli, akishindwa kumaliza stori basi, hata watafiti wenyewe wanapewa fedha na majaribio yanagoma.