Eti "mnabeba maji juu ya maji?"

Wiki iliyopita pale Kibirizi, mwalo wa boti hapa Kigoma, jamaa mmoja alisimama mchangani, mikono kiunoni, akatutazama mimi na shemeji tukijaza tangi letu la mpira, kisha akauliza kwa sauti ya kusikiwa na mwalo mzima: "Sasa nyie, mnabeba maji juu ya maji?" Wapakizi wakacheka. Mama wa mihogo akacheka. Hata abiria mmoja ambaye saa mbili baadaye angeomba kikombe, naye alicheka.

Sikumjibu kwa sababu nilikuwa nimeshika bomba la kujazia. Leo mikono yangu iko huru.

Ziwa letu la Tanganyika ni tamu, hilo silibishii. Lina kina cha mita 1,470, na ukichota katikati unaliona vumbi la kikombe chako mwenyewe kabla hujaliona la maji. Lakini nani kati yetu huchota katikati? Boti zetu zinatambaa na ufuko, kijiji hadi kijiji, na dumu linajazwa mwaloni: palepale dagaa wanapooshwa, nguo zinapofuliwa, watoto wanapooga, na kila aliyebanwa tangu asubuhi anaposhuka na kupotelea nyuma ya mawe. Waliokuwa Kagunga, kijiji cha mpakani na Burundi, Mei 2015, wakimbizi walipojaa ule ufuko na kipindupindu kikaingia, hawahitaji semina kutoka kwangu. Maji yalikuwa haya haya matamu.

Na hapo bado sijaligusa dumu lenyewe.

Dumu la njano ndilo linaloniudhi kuliko kicheko cha yule bwana. Kwenye boti ya kwenda Kagunga yanapangwa madumu kumi, kumi na mbili, yote rangi moja, yote lita ishirini, mengine yana petroli na mengine yana maji ya kunywa. Alama ni nini? Kitambaa kilichofungwa shingoni. Kikidondoka, alama ni pua. Na dumu la maji la leo lilikuwa la petroli juzi, likasuuzwa kwa mchanga na sabuni ya kipande, likapandishwa cheo. Mwaka jana nilikaa karibu na dada mmoja aliyepandia Mwamgongo na mtoto mwenye homa. Alikuwa na vidonge vya mseto vya malaria, vile vya kuyeyusha, akaomba maji kidogo tu ya kujaza kijiko. Kijana wa boti, kwa moyo mweupe kabisa, akammiminia kwenye kifuniko. Mtoto alikunywa, akatapika dawa yote kwenye kanga ya mama yake. Dada akanusa kile kifuniko. Hakusema kitu. Akanipa ninuse.

Mpaka leo nikipita karibu na kituo cha mafuta ile picha inarudi. Mtu asiniambie kwamba tumezoea. Tumezoea, ndiyo, na mtoto yule dozi yake ilielea ziwani.

Kwa hiyo shemeji alipotoka Dar es Salaam na furushi lililokunjwa kama turubai la mvua, akasema hili ni tangi la lita mia na hamsini, mimi sikuuliza bei. (Niliuliza baadaye. Heri nisingeuliza.) Wengi mmeliona la namna hii kwenye kazi za dharura, lile kubwa linalolala chini kama mto wa kulalia uliovimba. La boti ni mdogo wake: kitambaa kigumu kilichopakwa plastiki, mdomo wa kujazia, mdomo wa kutolea, basi. Uzuri wake ni kwamba halina umbo la kubishana nalo. Boti ya mbao chini ni nyembamba, imepinda, ina mataruma, zile mbavu zake za ndani, na pipa la duara halikai pale hata ulibembeleze. Hili linajilaza lenyewe kwenye ule mpindo chini ya sakafu, mahali ambapo siku zote palikaa kamba mbovu na ndala za mguu mmoja.

Tena uzito unakaa chini. Lita mia na hamsini ni kilo mia na hamsini, yaani abiria wawili walionenepa vizuri. Abiria wawili wamelala chini kabisa ya boti ni jambo moja. Abiria haohao wamekaa juu ya mizigo ni jambo jingine, na aliyewahi kurudi kutoka Kagunga kusi ikimpiga usoni anajua tofauti yake. Pipa lililobaki nusu ndilo baya zaidi. Boti ikilala kushoto, maji yote yanakimbilia kushoto, nayo inazidi kulala. Tangi la mpira ukilitoa hewa vizuri wakati wa kujaza, maji yakipungua nalo linasinyaa. Hayana uwanja wa kukimbilia.

Haya, mabaya yake. Wiki ya kwanza chai ilikuwa na ladha ya ndala mpya. Tulijaza, tukalala nalo siku mbili, tukamwaga, tukajaza tena, mara nne, mpaka ladha ikaisha, au tukaizoea, sina hakika. Ndani huwezi kupitisha mkono ukasugua, kwa hiyo dawa ya klorini ni lazima, na kulikausha kabla ya kulikunja ni kazi ya mtu mwenye subira, ambayo mimi sina. Jua linalila. Na kuna mzee mmoja wa Katonga aliyeniambia jambo ambalo sikuwa na jibu lake: "Mwanangu, dumu tupu limeshaniokoa mara mbili." Ni kweli. Boti ikipinduka, dumu tupu lililofungwa vizuri ni rafiki. Nikamwambia, mzee, kazi hiyo ni ya jaketi la kuokolea. Akanitazama vile wazee wanavyomtazama mtoto wa shule, akauliza majaketi mangapi nimeyaona botini. Sikumjibu. Tukabadilisha mazungumzo, tukaongelea bei ya migebuka.

Sasa nisije nikajifanya mtakatifu. Tangi letu la kwanza lilidumu siku kumi na moja. Tulilitandika juu ya mbao tupu, bila hata gunia, tukaliacha bila kulifunga. Kila wimbi likilisukuma mbele, likilirudisha nyuma, kama kambare kwenye tope, na chini yake kulikuwa na kichwa cha msumari ambacho fundi hakukizamisha. Tulipofika Gombe wageni waliokuja kutazama sokwe walikuta sisi tunatoa maji botini kwa sufuria, maji safi kabisa, yenye dawa, yaliyonunuliwa. Yule bwana wa mikono kiunoni angekufa kwa kicheko.

Ndipo watu wakasema: si unaona, kitu chenyewe cha kizungu, hakifai huku. Hapana. Msumari ule ulikuwa wa kwetu. Uvivu wa kutafuta kipande cha godoro kuukuu ulikuwa wangu. Mji huu unaishi na Liemba, meli iliyozamishwa 1916, ikalala chini ya ziwa kwa miaka, ikainuliwa ikarudi kubeba watu. Halafu sisi tunashindwa na tundu la ukubwa wa punje ya mtama.

Lile la kwanza tulilitia kiraka, liko nyumbani linamwagilia mchicha. La pili limelala juu ya godoro na zulia la zamani, mikanda miwili imepita juu, na bomba lake halining'inii. Limefungwa kwenye taruma lisivutwe na mguu wa mtu, maana palipo na kiungo ndipo panapovuja, si tumboni. Tumeweka pampu ndogo ya mkono na kikombe kimoja chenye mnyororo. Mnyororo ni wazo la shemeji. Kikombe cha kwanza kilishukia Mwamgongo na abiria.

Fundi bado anasema misumari yake haina shida, ni mimi ninayependa kukagua. Jumamosi boti inapandishwa mchangani. Nitakwenda na nyundo yangu.