Bora Nikataliwe Saa Nane Usiku

Juzi nimekataliwa kazi huku Marekani saa nane usiku. Nimetuma maombi, nimezima kompyuta, usingizi haujanichukua vizuri simu ikalia: asante kwa kuomba, tumeamua kuendelea na waombaji wengine. Hakuna binadamu aliyekuwa macho saa ile kusoma wasifu wangu. Ni programu. Nilikasirika, halafu, msinicheke, nikafurahi. Nimejibiwa!

Nyumbani mnajua wenyewe. "Watakaojulishwa ni wale tu watakaoitwa kwenye usaili." Sentensi hiyo imelea kizazi kizima cha watu wanaolala na simu chini ya mto. Mwezi wa tatu bado unajiuliza kama bahasha ilifika, kumbe kiti kilishakaliwa kabla tangazo halijatoka.

Najua yanayokuja: "Huyu naye, kapanda ndege tu keshaanza kutudharau." Sidharau mtu. Na msidhani huku Marekani hakuna kujuana, kupo tele. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha kwamba wengi waliopata kazi kupitia mtu, walisaidiwa na mtu ambaye hata hawaonani naye mara kwa mara. Kampuni nyingi humlipa mfanyakazi wao akileta mtu akaajiriwa. Tofauti ni kwamba anayekujua anakufikisha mlangoni, kisha unasailiwa kama wengine. Mara nyingi, nasema. Wapo wanaobebwa hadi kitini huku pia.

Wala kuajiri huku hakukuanza hivi. Zamani mwajiri wa huku alilipia tangazo gazetini akakaa kusubiri barua, sawasawa na wa kwetu. Mwaka 1994 ikaja Monster Board, tovuti ya matangazo ya kazi, matangazo yakahamia mtandaoni. Mwaka 2003 LinkedIn, mtandao ambako watu huweka wasifu wao wa kazi, ikafunguliwa, na hapo wasakaji wa wafanyakazi wakaacha kungoja wenye shida ya kazi, wakaanza kuwafuata waliotulia kazini kwao. Nimewahi kukaa kando ya jamaa anayeifanya kazi hiyo. Anaandika "muuguzi" AND "watoto" NOT "mwanafunzi", yaani wasifu uwe na maneno mawili ya kwanza na usiwe na la tatu, anaongeza mji, orodha ndefu inapukutika hadi majina ya kusomeka kabla ya chai. Wale waliobaki hawajaomba chochote, wengine hata hawajui wanatafutwa.

Kwa mwombaji, kuomba kukageuka kubonyeza. Na kwa kuwa kila mtu anabonyeza, maombi yakawazidi wasomaji, ndiyo maana mlangoni pamewekwa programu. Ina ujinga wake. CV yangu niliyoipanga kwa safu mbili niliwahi kuiona jinsi ilivyosomwa: mwaka niliomaliza shule ulikuwa umekaa katikati ya cheo changu cha sasa.

Mnasema, "Sasa kukataliwa na roboti ndiyo maendeleo?" Tena roboti yenyewe ina upendeleo! Ni kweli. Mwaka 2018 shirika la habari la Reuters lilieleza jinsi kampuni ya Amazon walivyoachana na programu ya kuchambua wasifu waliyokuwa wakiijaribu, kwa sababu ilijifunza kuwashusha wanawake. Ilifundishwa kwa wasifu waliotumiwa kwa kipindi cha miaka 10, na waliokuwa wameomba kwa wingi ni wanaume. Na kabla ya mashine, binadamu walikuwa wakifanya yaleyale. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulituma wasifu wa kubuni kwa waajiri wa Boston na Chicago, na majina yanayosikika kuwa ya Wazungu yalipata mwito kwa asilimia 50 zaidi ya yale ya Wamarekani weusi. Mimi na jina langu hili mnadhani sijui?

Lakini angalieni ilivyojulikana. Kuna waliohesabu nani kaitwa na nani kaachwa. Jiji la New York, tangu Julai 2023, linamtaka mwajiri anayechuja watu kwa programu za aina hiyo ahakikishe programu inakaguliwa kila mwaka na mtu wa nje kama ina ubaguzi, na amwarifu mwombaji kwamba inatumika. Sheria ina mianya, sawa. Ila mjomba wa mtu anakaguliwa na nani? Ukiachwa kimya huna hata karatasi ya kulalamikia.

Kinachoniudhi ni kwamba kwetu hatukosi vifaa. Barua pepe tunazo, LinkedIn tumejaa, maafisa rasilimali watu wanasaka watu kwa simu zao kama wa huku. Wasichokifanya ni kumaliza. Wewe unayesema maombi yalikuwa mengi mno huwezi kuwajibu wote, hao wote walikuandikia kwa anwani zao. Andika mistari miwili: nafasi imepata mtu, asante kwa kuomba. Watumie wote kwa mpigo mmoja, na uzifiche hizo anwani wasionane.