Injini Ambayo Fundi Hawezi Kuifungua

Juni 2022 nilikuwa Naivasha kwenye eneo la matengenezo ya Safari Rally, pamoja na binamu yangu mwenye gereji ndogo Nakuru. Toyota moja ikatupita ikiendeshwa kwa umeme, kimya, tukisikia matairi tu yakisaga kokoto. Watu wakatazamana. Gari lilikuwa na taa ndogo ya kijani. Ikiwaka kijani, umeme uko salama na unaweza kuligusa. Ikiwaka nyekundu, kaa mbali. Binamu yangu aliinama, akachungulia uvunguni, akainuka akaniuliza: "Sasa hii ikizimika kule Kedong, porini kwenye vumbi la mashindano, nani anaifungua?"

Hakuna. Hilo ndilo jibu, na ndilo lililonifanya nisiipende kanuni ile ya injini tangu siku hiyo. Mwaka huo FIA, shirikisho la kimataifa linalosimamia mbio za magari, liliagiza magari ya daraja la juu, Rally1, yawe haibridi, yaani ya petroli na umeme pamoja: injini ya petroli ya lita 1.6 yenye turbo, na nyuma mota ya umeme ya kilowati 100 pamoja na betri yake. Ukijumlisha vyote, dereva alikuwa na zaidi ya nguvu farasi 500 chini ya mguu wake. Ni nguvu nyingi mno. Lakini mota na betri vilikaa ndani ya kisanduku kilichofungwa kwa lakiri, chenye uzito wa kilo themanini na kitu, kutoka kampuni moja tu ya Ujerumani. Fundi wa timu hakuruhusiwa kukifungua. Kikigoma kinabadilishwa kizima, na kile kibovu kinarudishwa kwa waliokiunda.

Katika rali dereva na mwelekezi wake ndio mafundi wa kwanza. Gari likiumia katikati ya siku, wao wawili wanalala chini yake kando ya barabara, wanafunga kwa waya, wanagonga kwa nyundo, wanaondoka. Kanuni inayoweka ndani ya gari kitu wasichoruhusiwa kukigusa imewanyang'anya sehemu ya mchezo wao wenyewe.

Wanaofuata mbio za Langalanga (Formula 1) wataniambia kwamba umeme ndio uliomvuta Audi kule, na ndio maana kanuni za 2026 zimepandisha mota ya umeme kutoka kilowati 120 hadi 350. Sawa, sibishi. Kule gari linazunguka kilomita chache za lami na kurudi kwenye gereji iliyojaa wahandisi wa kiwanda. Kwenye rali tuliahidiwa hivyo hivyo, kwamba haibridi italeta watengenezaji wapya. Misimu mitatu ikapita tukiwa na wale wale: Toyota, Hyundai, na timu ya M-Sport na Ford zao. Hakuna aliyeongezeka. Hata Lancia ilipoamua kurudi, ilichagua kuunda gari la Rally2, daraja la pili, ambalo halikuwahi kuwa na kisanduku kile.

Safari ilishatufundisha jambo hili zamani. Katikati ya miaka ya themanini, enzi ya Kundi B, daraja la juu la rali la wakati huo, Audi na Peugeot walikuwa na magari ya kutisha yanayosukuma magurudumu yote manne. Safari ya 1984 ikachukuliwa na Björn Waldegård, ya 1985 na Juha Kankkunen, ya 1986 na Waldegård tena, wote ndani ya Toyota Celica: injini mbele, nguvu magurudumu ya nyuma, basi. Gari lililokuwa rahisi kuliko hayo ndilo lililofika. Kundi B lenyewe lilipigwa marufuku baada ya msimu wa 1986, mwaka ambao watazamaji walikufa Ureno na Henri Toivonen na mwelekezi wake Sergio Cresto wakafa Corsica. Kanuni ile ilibadilishwa kwa sababu ya vifo, na hakuna mwenye akili aliyeuliza kwa nini.

Kinachoniudhi hasa ni mwaka 2024. Februari FIA ikapendekeza haibridi iondolewe 2025. Juni ikageuka, ikasema kanuni zibaki zilivyo hadi 2026. Novemba ikageuka tena, haibridi ikatoka, wakati msimu mpya uko mlangoni. Kuna watu walishapanga bajeti, wahandisi walishachora magari, halafu wanaambiwa hivi, kisha vile. Uamuzi wa mwisho ulikuwa sahihi. Magari yakapungua uzito wa chini kutoka kilo 1,260 hadi 1,180, na tundu la kuingizia hewa kwenye injini likabanwa kutoka milimita 36 hadi 35 ili nguvu zisizidi. Ila njia iliyotumika kuufikia ilikuwa ya kuwachosha watu bure.

Sasa 2027 inakuja na kanuni nyingine. Gari lisizidi euro 345,000, na injini iwe ya aina ya Rally2. Hizo bado ni pesa nyingi kwa dereva wa Nairobi au Kampala, sitajidanganya. Lakini ni gari ambalo fundi wetu analijua. Mwaka 2021, Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia, Onkar Rai alimaliza wa saba, Karan Patel wa nane na Carl Tundo wa tisa, wote katika magari ya daraja hilo la pili. Kwa hiyo ninachoomba ni FIA ikishaiweka injini hii iiache miaka kumi.

Siku ile ya 2022, kabla hatujaondoka, tulisimama kwenye hema la timu moja ya hapa nyumbani. Boneti ilikuwa wazi. Kijana mmoja alichomoa filta ya hewa, akaigonga kwenye goti, na vumbi la Kedong likamwagika laini kama unga wa ngano. Akapuliza ndani kwa kompresa, akapitisha kitambaa, akaweka filta mpya, akabana klipu kwa bisibisi. Binamu yangu alikuwa amesogea hadi kwenye kamba, akihesabu kila alichokuwa anafanya kwa midomo. Dereva akawasha, injini ikaitika mara moja, wakatoka.