Deki Ikifa, Ununue Nini Mahali Pake?

Mtu ambaye deki yake ya VHS imekufa, na anayetaka mashine nyingine ya kurekodia video nyumbani, kwa kawaida hukimbilia kuuliza ni king'amuzi gani kinachorekodi saa nyingi zaidi. Kwa maoni yangu, analopaswa kujiuliza kwanza ni jinsi zile kanda za harusi, za maulidi na za ubatizo zilizojaa kabatini zitakavyotazamwa tena. Deki mpya hazitengenezwi: Funai ya Japani, kampuni ya mwisho iliyokuwa ikiziunda, iliacha mwaka 2016, miaka 40 baada ya JVC kuitoa VHS ya kwanza. Zilizobaki ni za mtumba, na kila mwaka zinapungua.

Kwa hiyo mimi ningeanza na deki ya mtumba, tena ile inayosoma mifumo mingi ya picha. Kanda zilizorekodiwa Kenya na Tanzania ni za mfumo wa PAL, wenye mistari 625 na picha 25 kwa sekunde, ilhali ile aliyoituma shangazi kutoka Marekani ni ya mfumo wa NTSC, na ukiiweka katika deki ya PAL pekee utaona picha inayoruka au isiyo na rangi. Usilipe kabla muuzaji hajacheza mbele yako kanda uliyokuja nayo mwenyewe, akaipeleka mbele, akairudisha nyuma, kisha akaitoa bila utepe kubaki umenaswa ndani.

Kanda yenyewe nayo ikaguliwe, hasa ikiwa imekaa miaka mingi Tanga, Mombasa au Unguja, ambako unyevu hauna huruma. Itazame kupitia kidirisha chake kwenye mwanga mkali. Ukiona unga mweupe pembeni mwa utepe uliozungushwa, huo ni ukungu, na kanda hiyo isiingizwe kwenye deki hata kwa kujaribu, kwa sababu itachafua vichwa vya kusomea, na deki nayo itaupeleka ukungu huo kwenye kanda zinazofuata. Hiyo mpelekee fundi anayejua kuisafisha.

Wapo wanaosifu mashine zinazounganisha deki na kirekodi cha DVD katika kasha moja. Ni nzuri ukiipata nzima, ila diski isipokamilishwa ("finalize") kwenye mashine hiyohiyo baada ya kurekodiwa huenda isicheze kwenye mashine nyingine, na filamu nyingi za dukani zina kinga inayoifanya mashine ikatae kuzinakili. Mimi napendelea kifaa kidogo cha USB kinachopokea nyaya za njano, nyeupe na nyekundu kutoka kwenye deki na kuipeleka video kwenye kompyuta, kwani hapo unapata faili la kawaida unaloweza kuwagawia ndugu wote. Njia ya mkato haipo: kanda ya saa tatu itanakiliwa kwa saa tatu.

Kuhusu vipindi vya televisheni, deki haina tena msaada mkubwa. Tangu mitambo ya kurushia matangazo ya analojia ilipoanza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012, kipokezi kilicho ndani ya deki hakinasi kitu, na itarekodi tu kile inacholetewa kwa waya na king'amuzi. King'amuzi chenye uwezo wa kurekodi ni rahisi zaidi kutumia, nalikubali hilo. Kinachoniudhi ni kwamba katika vile vingi vya kulipia, ulichorekodi kimefungwa kwa kifaa kilekile, na ukiichomeka diski yake ya kuhifadhia kwenye kompyuta huoni chochote cha maana. Anayetaka kuangalia mpira wa jana hatajali. Anayetaka kuhifadhi mahojiano ya baba yake redioni au runingani atajali sana.

Fedha ikitosha njia moja tu, basi, ningenunua deki na kale kakifaa ka USB. Ving'amuzi vitakuwa dukani hata mwakani.